Mkono wa Kuandika Huanzia Begani

Hotuba kwa walimu wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya awali kabla ya Gredi ya 1, mafunzo ya likizo, Kisumu

Mheshimiwa afisa wa elimu, wazazi mliokuja kwa niaba ya wenzenu, na nyinyi walimu wenzangu mliotoka Nyalenda, Obunga, Kajulu, Seme, pamoja na wale mliopanda matatu kule Vihiga kabla jua halijachomoza: hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa saa nzima nizungumzie jinsi mwalimu wa watoto wadogo anavyopaswa kufunzwa ili aweze kuijenga miili ya watoto wake, kuanzia miguu na mgongo hadi vidole. Nusu ya saa hiyo nitaitumia hapa ndani. Iliyobaki tutaimalizia pale nje chini ya mwembe, maana jambo hili likiishia masikioni halitafika darasani.

Naomba nianze na mtoto mmoja.

Nilikuwa na miaka michache tu kazini, nafundisha nasari hapa mjini. Mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka 4. Mama yake aliuza mitumba Kibuye, na tangu akiwa mchanga alikuwa akimkalisha ndani ya katoni kubwa chini ya meza ya nguo, kwa sababu pale sokoni mikokoteni hupita kutwa nzima na mtoto anayezurura anaweza kugongwa. Mama yule hakukosea. Alikuwa akilinda uhai wa mwanawe kwa njia aliyokuwa nayo. Mtoto alipofika darasani alikuwa mtulivu kuliko wote. Ukimkalisha, amekaa. Nilimsifu mbele ya wenzake: tazameni huyu, ndiye anayejua kukaa.

Kisha nikampa penseli.

Aliishika kwa ngumi, kama mtu anayeshika mchi. Kiwiko kilipanda juu, bega likakaribia sikio, ulimi ukatoka nje. Alipokandamiza, ncha ikatoboa karatasi. Nikaenda nyuma yake, nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu, nikavibana vidole vyake vitatu kwenye penseli na kuandika naye herufi a, mstari mzima, kisha mstari wa pili. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimegeuka nyeupe kwa kubanwa. Hakulia kwa sauti. Niliona tu matone yakiangukia daftari. Nilipomwachilia, mkono ulirudi kwenye ngumi palepale.

Mwisho wa muhula niliandika kwenye ripoti yake neno moja: Hajitumi.

Mwaka uliofuata mama yake alihama na sikumwona tena mtoto yule. Nimefundisha mamia ya watoto baada yake, na neno lile bado linaniuma, kwa sababu dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Akikaa sakafuni, aliegemea ukuta. Akikaa kwenye benchi, mkono wa kushoto ulishikilia kidevu, kwa hiyo haukuwa na nafasi ya kushikilia daftari, na daftari likawa linateleza. Wenzake walipokimbilia uji, yeye alitembea huku akiugusa ukuta. Mwili wake wote ulikuwa unaniambia kwamba mgongo na mabega bado hayana nguvu ya kubeba kazi ya vidole. Mimi nilikuwa nimefunzwa kutazama daftari. Sikuwa nimefunzwa kumtazama mtoto.

Walimu wenzangu, hicho ndicho kilichonileta hapa leo. Mafunzo ya kukuza stadi za mwili ni, kwanza kabisa, mafunzo ya macho ya mwalimu.

Sasa tusaidiane kidogo. Wekeni kalamu chini. Inueni mkono mnaoandikia, unyoosheni mbele yenu, kisha andikeni jina lenu hewani kwa herufi ndogondogo. Kiwiko kisiguse chochote. Endeleeni. Tena. Mara ya tatu. Madam pale nyuma, usishushe mkono.

Mnasikia ni wapi panapowaka? Ni begani. Vidole ndivyo vinavyoandika, lakini anayechoka ni bega. Mwili wa mtoto hukomaa kutoka kichwani kwenda chini, na kutoka katikati kwenda pembeni. Ndiyo maana mtoto mchanga huanza kwa kukaza shingo, halafu akakaa, halafu akasimama. Ndiyo maana mwenye mwaka mmoja anapochora, mkono mzima unatembea kutoka begani, na baadaye ndipo kiwiko, kifundo cha mkono na mwishowe vidole vinapojifunza kucheza peke yake. Mtoto wa miaka 2 au 3 hushika krayoni kwa mkono mzima au kwa vidole vyote vikiangalia chini, na hana kosa lolote. Vidole vitatu vinavyosogea vyenyewe huku mkono umetulia, hivyo huja kati ya miaka 4 na nusu na 6 kwa watoto wengi. Wengi wetu tunavidai mwezi wa pili wa PP1.

Kuna picha moja ya eksirei ambayo natamani kila mwalimu aione: mkono wa mtoto mdogo. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8 midogo. Mtoto anapozaliwa, hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao umekuwa mfupa. Yote ni gegedu, laini kama ncha ya pua, na kwenye picha panaonekana giza tupu kati ya mkono na kiganja. Inageuka mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na wa mwisho hungoja hadi mtoto awe na miaka 9 hivi au hata zaidi. Sisemi kwamba gegedu humzuia mtoto kushika penseli. Nasema mkono tunaoukemea bado uko kwenye ujenzi. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa. Na nyinyi mnaotoka Dunga mmeona mashua inavyoundwa ufukweni. Fundi haishushi majini kabla ya kugongomea mbao za ubavuni.

Wengine watasema haya ni mambo ya vitabu vya wageni. Hapana. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliishi na familia za Wakipsigis katika kijiji kinachotajwa kwa jina la Kokwet, kwenye nyanda za juu za magharibi mwa nchi hii yetu. Kabla yake, wageni walikuwa wakisema mtoto wa Kiafrika huzaliwa tu na mwili wa kuwahi. Yeye akawatazama akina mama. Aliona kwamba walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea, kwa makusudi, kila siku. Walichimba kishimo kifupi ardhini, wakamkalisha mtoto ndani na kumzungushia blanketi ili mgongo upate mahali pa kushikilia. Walimshika makwapani na kumtembeza. Watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kwa takriban mwezi mmoja kuliko watoto wa Marekani aliowalinganisha nao. Lakini kwenye mambo ambayo mama hakuyafundisha, kama kutambaa, hawakutangulia.

Naomba mlitafakari hilo kidogo. Mama wa Kipsigis aliyechimba kishimo kile hakuwa na cheti. Alikuwa na mambo mawili: alijua ni sehemu gani ya mwili anayoifundisha, na aliifundisha kila siku. Mtoto alipolemea upande mmoja, aliona, akasogeza blanketi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Mwili hufundishika, na ardhi hii imekuwa na walimu wake tangu zamani.

Sasa tazameni siku ya mtoto wetu wa PP1. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku, na kati ya hizo angalau dakika 60 ziwe za mchezo wa kumtoa jasho. Mwongozo huohuo unasema asikalishwe kwa muda mrefu. Sasa mtoto wetu anafika saa mbili asubuhi. Anakaa. Kipindi ni cha dakika 30, kinafuatwa na kingine, naye bado amekaa. Mapumziko yanafika, nusu yake inaliwa na foleni ya uji. Anarudi, anakaa. Saa sita anachukuliwa na boda, anakaa tena mbele ya tangi la mafuta, akifika nyumbani anapewa simu ili atulie. Hesabuni wenyewe dakika zake.

Mtaala wa umilisi, tangu uenee nchi nzima mwaka 2019, umezitambua shughuli za mwili na ubunifu kuwa sehemu kamili ya masomo ya awali. Nafasi ipo kwenye ratiba. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefunzwa kuijaza, na hapa nina neno kwa wanaotupangia mafunzo. Nimewahi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu juu ya michezo ya watoto, kwenye ukumbi mzuri, tukitazama maandishi ukutani. Katika siku zile tatu tulisimama wakati wa maombi na wakati wa chai. Tulirudi nyumbani na cheti na kitita cha karatasi. Jumatatu yake nilimtazama mtoto akishindwa kuruka kamba, nami sikujua nimwambie nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na miaka 20 sijaruka kamba.

Mwalimu lazima apitie mwilini mwake. Likizo iliyopita tulifanya zoezi moja na kundi la walimu, na nitawaeleza lilivyokuwa kwa sababu mtalifanya leo. Tulimkalisha mwalimu juu ya meza, miguu ikining'inia. Tukampa penseli aishike kwa mkono asioutumia, juu yake akavaa soksi nene. Kisha mwenzake akasimama pembeni akamwambia anakili sentensi moja, haraka, mistari isiguswe. Dakika ya kwanza walicheka. Dakika ya pili ukumbi ukanyamaza. Niliona ndimi zikitoka. Niliona mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akijipinda hadi kifua kikagusa paja, mkono wa pili umeng'ang'ania ukingo wa meza. Alipomaliza alitazama alichoandika, akafunika karatasi kwa kiganja asiione mtu. Nikamuuliza, unajisikiaje? Akasema, 'Nimewakumbuka watoto wangu.' Hakuongeza neno, na mimi sikuongeza.

Miguu ile iliyokuwa ikining'inia ni jambo la kutazamwa leo leo. Madarasa mengi yetu yana viti vilivyotengenezewa watoto wa Gredi ya 4. Mtoto ambaye miguu yake haigusi chini hana pa kukanyagia, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye kujizuia asianguke, na mkono unapata masalio. Mwiteni fundi akate miguu ya viti. Kama kamati haijakubali, laza ubao juu ya matofali mawili chini ya miguu yao. Utaona tofauti wiki hiyohiyo, siyo kwenye hati tu, hata kwenye kelele.

Na penseli ikingoja kidogo, mikono ifanye nini? Kila kitu. Bandikeni karatasi ukutani, au mpeni mtoto makaa achore kwenye ukuta wa nje, kimo cha macho yake. Anapochora kwenye kitu kilichosimama, bega linafanya kazi na kifundo cha mkono kinajikunja kuelekea nyuma, jinsi kinavyotakiwa kukaa wakati wa kuandika. Kama mwenye shule anakataza makaa, mpe ndoo ya maji na brashi kuukuu ya rangi. Atapaka ukuta mzima maji, jua litaukausha, ataanza tena. Wakichora chini, walale kifudifudi kwenye mkeka, wajiinue kwa viwiko. Krayoni zivunjeni vipande vifupi. Najua inauma kuvunja kitu kipya, lakini kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Vidole vitatu vinakwenda vyenyewe mahali pake bila mwalimu kuvibana.

Udongo ndio nisingependa tuupite haraka. Wanawake wa huku wamefinyanga vyungu miaka na miaka, na mto haukosekani. Udongo mgumu kidogo ni bora kuliko ule laini wa dukani, maana unadai nguvu. Mtoto auponde kwa ngumi, aukande kwa viganja, auviringe uwe kama kamba, kisha amtengenezee ng'ombe pembe. Angalieni pembe zile. Ili pembe isimame, kidole gumba na cha shahada lazima vibane sawasawa. Vikibana mno inakatika, vikilegea inaanguka. Mwalimu, kaa chini karibu yake utazame jinsi anavyogundua kipimo hicho. Anashikisha pembe, inaanguka. Analowesha kidole kwa mate, anashikisha tena. Pale pale ndipo mkono unapojifunza kukandamiza penseli bila kutoboa karatasi, na hakuna aliyemkemea.

Nyumbani kazi zimejaa pia. Kuchambua kunde na saga. Kupukuchua mahindi. Kuchagua mawe kwenye mchele wa Ahero. Kutoa uchafu kwenye omena. Kukamua kitambaa cha kufutia meza, kazi ambayo naiona bora kuliko nyingi kwa kuupa mkono nguvu. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907, kwenye mtaa wa watu maskini, watoto walianza kwa kumimina maji, kufagia na kufunga vifungo. Bibi zetu wangemwelewa bila mkalimani. Lakini sisi walimu, kwa haraka zetu, tunawafungia watoto vifungo vya sweta ili mstari usonge. Waacheni wajifungie. Tengeni dakika 10 kabla ya mapumziko. Na ile ajua, bao la mashimo wanalocheza wazee chini ya mti, chimbeni mashimo yake uwanjani, mkusanye mbegu au vijiwe. Kuokota vijiwe vingi kwa mkono mmoja na kuviangusha kimoja kimoja, shimo baada ya shimo, ni zoezi la vidole ambalo mtaalamu yeyote angelilipia.

Kwa misuli mikubwa, sina haja ya kuwafundisha michezo mnayoijua: kati, bladaa, kuendesha tairi kwa fimbo, kuruka kamba, kutembea juu ya gogo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, watoto wanasokota mipira yao kwa matambara na majani makavu ya mgomba, na kusokota kwenyewe ni somo la nusu ya asubuhi. Ninachowaomba ni mjue kila mchezo unajenga nini. Kwenye kati, anayerusha anajifunza kulenga, na aliye katikati anajifunza kugeuka ghafla bila kuanguka. Wenzetu wa Kakamega wana Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtoto anayejifunza kupiga ngoma kwa mikono miwili, mmoja ukisema hivi na mwingine vile, huku mabega yakitikisika, anafanya kazi ambayo baadaye itauwezesha mkono wake mmoja kushika karatasi huku mwingine ukikata kwa makasi. Mleteni mpigaji wa kijijini darasani. Atakuja kwa kikombe cha chai.

Wasichana wasiachwe pembeni. Nimeona mara nyingi wavulana wakiparamia mti na wasichana wakiambiwa wasimame wasichafue rinda. Mabega ya msichana yanahitaji tawi la kuning'inia kama ya kaka yake. Waruhusuni wavae kaptura siku za michezo. Na mwenye kutumia mkono wa kushoto, kwa jina la Mungu, mwacheni autumie.

Sasa narudi kwenye macho. Wakati mwingine mtoto hachezi kwa sababu kuna jambo. Kwanza mtazameni miguu. Huku kwetu kuna watoto wanaotembea kwa visigino au kwa kando ya nyayo kwa sababu ya funza, na mwalimu anadhani hapendi kuruka. Mvue viatu taratibu, mahali ambapo wenzake hawaoni, na kama ana funza mwite mhudumu wa afya wa kijiji. Mwingine hajala tangu jana. Mwingine alipona malaria ya ubongo, mkono wake mmoja ukabaki mzito, na nyumbani hawakuwa wameunganisha mambo hayo mawili. Mtoto wa miaka 4 asiyeweza kuruka kwa miguu yote miwili, anayeanguka anguka mahali pasipo na kitu, ambaye mkono wake mmoja hukaa umekunjwa ngumi daima, au aliyekuwa akiweza jambo na sasa haliwezi tena, usimngojee PP2. Zungumza na mama kwa upole, mwombe aje na kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, mtazame pamoja ukurasa wa hatua za ukuaji. Kisha mpelekeni zahanati, na kwenye kituo cha EARC. Vituo hivyo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vimekuwapo Kenya tangu mwaka 1984, na bado kuna walimu wasiojua kilicho karibu nao kiko wapi. Kabla ya kuondoka leo, kila mtu aandike kilipo chake.

Kuna dalili nyingine ndogo ambazo ni rahisi kuzikosa. Mtoto wa PP2 anachora mstari kutoka kushoto hadi kulia. Anafika katikati ya kifua chake, anahamisha krayoni kwenye mkono wa pili, anamalizia. Ukitazama karatasi tu, mstari umekamilika, unaweka tiki. Ukimtazama mtoto, unaona mkono wake bado hauvuki katikati ya mwili. Huyo anahitaji kufagia kwa ufagio mrefu, kupitisha mpira kutoka upande hadi upande, kucheza makofi ya kupishana na mwenzake. Karatasi isingekuambia.

Ndiyo sababu nawafunza walimu kuandika vitenzi. Mtazame mtoto mmoja kwa dakika 10, usimsaidie, usimwelekeze, na uandike alichofanya mwili wake. Aliegemea. Aligeuka mwili mzima badala ya shingo. Alidondosha, akaokota kwa mkono wa kushoto. Aliruka, mguu mmoja ukatangulia kutua. Msiandike mvivu, msiandike mtundu, msiandike hajitumi. Neno kama hilo linamfunga mwalimu macho: ukishaliandika, hutazami tena. Kitenzi kinakuonyesha la kufanya kesho asubuhi. Kama aliegemea, kesho apewe kazi ya kusukuma. Walimu wa shule mbili za jirani watembeleane mara moja kwa mwezi, mmoja afundishe, mwingine aandike vitenzi, kisha wakae na daftari hilo juu ya chai. Mafunzo ya likizo yasipofuatwa na kitu cha namna hiyo hunyauka kabla ya katikati ya muhula. Nimeyaona yakinyauka.

Wazazi mlio hapa, nina ombi kwenu pia. Mtoto akirudi na tope magotini na daftari halina tiki, msiseme hakusoma. Mwulizeni amebeba nini, amepanda nini, amefinyanga nini. Najua kinachowatia wasiwasi ni usaili wa kuingia Gredi ya 1 katika baadhi ya shule, ambako mtoto anawekewa karatasi na kuhesabiwa dakika. Mimi pia unaniudhi. Lakini mtoto aliyelazimishwa penseli akiwa na miaka 3 anaweza kubaki na mshiko mbaya ambao ni vigumu kuuondoa baadaye, na akafika darasani tayari anachukia kuandika. Walimu, wasaidieni wazazi waone. Wekeni zile ng'ombe za udongo kwenye dirisha siku ya kufunga shule, na chini ya kila moja mwandike mtoto alifanya nini hadi pembe zikasimama.

Kwako, Mheshimiwa afisa: Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali, kwa hiyo mlango wa kubisha uko karibu. Hatuombi vifaa vya gharama. Tunaomba uwanja usijengwe kila kipande, fundi wa kukata miguu ya viti, na mishahara ya walimu hawa ifike kwa wakati, maana mwalimu aliyetembea kilomita 6 kwa kukosa nauli hana mgongo wa kukaa sakafuni na mtoto.

Muda wangu wa ndani umekwisha. Vueni viatu, viacheni hapa mlangoni. Mtakwenda wawili wawili. Chini ya mwembe mtakuta kamba, matairi manne na gunia la udongo uliotoka Kajulu asubuhi hii, bado una maji. Mmoja acheze, mwingine akae kwenye nyasi na daftari alilopewa wakati wa kujiandikisha. Dakika 10, kisha mbadilishane. Kwenye ukurasa wa kwanza andikeni jina la mwenzenu juu, na chini yake vitenzi peke yake.